Baba, Lori Ulimpa Damiano

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naiandika salamu hii kwa mazoea tu, maana marahaba yako sitaisikia tena. Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike Ilongero, nyuma ya nyumba, pale shamba la uwele linapoanzia. Mama huja kaburini akaongea nawe kana kwamba umetoka kidogo, utarudi. Mimi nikija napalilia, naosha mikono, naondoka. Nilikuwa na mambo ya kukuambia, ila hayakuwa ya kusemwa mbele ya Mama. Leo nayaandika yote, na sijali nani mwingine atayasoma. Wapo kina baba wengine wenye malori na watoto.

Nianze na mazuri, usije ukasema nimeyasahau.

Nilikuwa darasa la tano uliponiita chini ya lori kwa mara ya kwanza. Lile lori letu la buluu, la pua ndefu, lililochubuka bodi upande wa dereva. Uliliegesha uani, ukanitandikia gunia, ukasema, "Skola, lala hapa. Funga macho. Niambie unasikia nini." Ukapanda ukaliwasha, ukaliacha liungurume, kisha ukalisogeza kidogo mbele, kidogo nyuma. Wakati huo Mama alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni kwamba unataka kumuulia mtoto. Nilipotoka nikakuambia nimesikia kitu kama mtu anatafuna mchanga, katikati, siyo mbele wala siyo nyuma. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Hiyo ni beringi ya propela shafti," ukasema. "Wiki nzima naitafuta."

Tangu siku ile nikitoka shule sikwenda kuchota maji kwanza. Nilikuja kwako. Nikajua moshi mweusi unasema nini, na mweupe, na ule wa kibuluu ambao ulikuwa unakukosesha raha. Nikajua spana kwa kuishika tu, bila kusoma namba. Wenye mashine za kukamua alizeti walipokuja kukuuliza umewezaje kugundua ugonjwa wake kwa haraka vile, ulikuwa unajibu neno moja: "Uzoefu." Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kitambaa chenye dizeli mkononi. Nilidhani hiyo ni siri yetu sisi wawili. Nilijisikia vizuri, Baba. Miaka mingi sana nilijisikia vizuri kwa ajili ya siri ile.

Halafu ukanifundisha kuendesha. Likizo ya kidato cha pili, barabara ya vumbi ya kutoka Mtinko, lori likiwa tupu. Uliniwekea mto wa kitanda mgongoni ili miguu ifike. Klachi ilikuwa ngumu kama kusukuma ukuta, na gia za lori lile zilitaka uikanyage mara mbili, la sivyo zinasaga meno. Zilisaga siku ya kwanza, siku ya pili hazikusaga. Hukunisifu. Ulitazama nje ya dirisha, ukaanza kuimba wimbo wa kanisani, na mimi nikajua hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Lakini tulipoiona lami ulisema, "Simama hapo. Shuka, Skola, pita upande huu. Tunaingia mjini."

Nikashuka. Nikazunguka mbele ya pua ya lori, joto la injini likanipiga usoni, nikapanda upande wa abiria. Ilikuwa hivyo kila safari. Miaka sita nilishuka kabla ya lami.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana? Nilibandika picha za magari ya mbio ukutani kwangu, nilizozikata kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Ukaingia siku moja, ukazikagua moja moja kama polisi wa barabarani. "Sasa hili linabeba nini?"

"Linabeba mtu mmoja, Baba."

"Mtu mmoja anabebwa na baiskeli."

Nikakujibu kwamba turbo iliyomo humo, ile ya kusukumia injini hewa zaidi, ni kifaa kilekile kilichomo kwenye lori lako. Wewe kinakusaidia kuvuta magunia mlimani, wao kinawasaidia kukimbia. Nikakuambia gari la mbio ni lori lililovuliwa mzigo. Ulinyamaza. Jioni, tukiwa kwenye ugali, ukasema ghafla, "Nguvu ni ile inayokutoa kwenye matope mwezi wa tatu. Hiyo nyingine ni majivuno." Kumbe mchana kutwa ulikuwa unalifikiria jibu langu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuchukua mchana mzima kunijibu mimi.

Na siku yule mgeni alipopita na pikipiki ya umeme? Uliizunguka mara tatu ukitafuta bomba la moshi. Ulipolikosa ukasema, "Hii ni feni yenye matairi," tukacheka mpaka Mama akatoka na mwiko kuona kuna nini.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa twende kwenye yale mengine.

Sukari ilipokuzidi, miguu ikavimba, ukaita watu. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mabenchi yalipangwa uani, palepale nilipolala kwenye gunia. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nina gereji yangu ndogo mjini Singida, watu wananiita Fundi bila kucheka. Damiano alikuwa ametoka chuo mwaka ule, na hakujua hata jeki inawekwa wapi. Simsemi vibaya mdogo wangu. Hakujua kwa sababu hukutaka ajue. Kila alipokaribia lori ulimwambia, "Wewe kasome."

Ukasema mbele ya wazee, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, "Lori ni la Damiano. Skola ataolewa, na gari haliwezi kuhamia ukoo wa watu. Yeye abaki na sanduku la spana. Amezizoea."

Baba Mdogo Anselmi akaguna, akatikisa kichwa kukubali. Damiano alitazama viatu vyake. Na mimi, Baba, nilipiga magoti nikasema, "Asante, Baba."

Amezizoea! Nimelibeba neno hilo kama punje ya mchanga jichoni. Siyo anazijua. Siyo nilimfundisha. Amezizoea, kama punda anavyoizoea njia ya kisimani. Ulikuwa na wazee tisa pale, na ulikuwa unakufa, hukuwa na cha kuogopa tena. Ungeweza kuwaambia mara moja tu nani aliyeisikia ile beringi.

Ulifariki alizeti zikiwa kwenye maua. Damiano alikaa na lori msimu mmoja. Akavunja difu, zile gia za ekseli ya nyuma, akatengeneza kwa fundi mwingine kwa sababu aliona aibu kuja kwangu, akalivunja tena, akaliuza kwa mtu wa Nduguti. Hakuniambia. Nilikuwa gerejini nimeshika chujio la dizeli nikasikia sauti barabarani, nikaijua kabla sijainua kichwa. Likapita, limepakia mashudu, na mtu nisiyemjua kwenye usukani. Nilisimama vile mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Baada ya miezi michache akaja na gari lake jipya. La rangi ya fedha, la chini chini, lenye turbo na bomba la moshi la mdomo mpana. Alilileta mlangoni kwangu akiwa na uso wa mtu anayeomba radhi na anayejivuna kwa pamoja. "Dada, njoo ulione."

Hapa nitakuambia jambo usilolitarajia. Nililipenda. Tuliteremka nalo barabara ya Ikungi asubuhi moja, mimi nikiwa kwenye usukani, lami imenyooka, na turbo ilipoamka nilibandikwa kwenye kiti, kifua kikakosa hewa, nikapiga kelele kama mtoto. Baba, ulikosea kuhusu magari ya mbio. Siyo majivuno matupu. Gari zuri la mbio linasikia mkono wako kabla hujamaliza kuugeuza. Linakufanya ujue uko macho. Wewe uliyenifundisha kusikiliza vyuma, ungekaa mle dakika tano ungenyamaza mchana kutwa mwingine.

Damiano akauliza, "Linaweza kuongezwa?"

Linaweza, nikamwambia. Nikafungua lile sanduku lako, nikalifanyia gari kazi siku mbili, nikaongeza presha ya turbo. Kazi safi, sijawahi kufanya safi kuliko ile. Nilipoyatoa magurudumu nikaona pedi za breki zimeisha, na mafuta ya breki ni meusi kama kahawa. Nikamwambia, "Breki zako zimechoka."

"Nitarudi wiki ijayo tuzifanye."

"Sawa," nikasema, nikafunga boneti.

Sikumkatalia funguo. Na kuna swali sikumuuliza, ingawa nilikuwa najua jibu lake: unajua kuteremka mlima? Nilikuwa najua hajui. Nilinyamaza, na nitakuambia kwa nini. Nilikuwa nataka walau mara moja ionekane ulimpa asiyestahili. Sikutaka aumie, Mungu ananiona. Nilitaka aharibu kitu kingine, watu waseme, afadhali angepewa dada yake. Ndivyo moyo wangu ulivyokuwa. Uliuumba hivyo wewe, ila wa kuulisha nilikuwa mimi.

Jumamosi ya wiki ileile alikwenda peke yake Igunga kwenye harusi ya rafiki. Mchana, jua kali, barabara kavu. Mlima Sekenke.

Mara ngapi ulinipitisha Sekenke, Baba? Kabla ya kona ya kwanza ulikuwa unaingiza gia ndogo, injini inalia, lori linajizuia lenyewe na magunia yote yale mgongoni. Ulikuwa unainua miguu yote miwili kunionyesha. "Unaona? Limejishika." Kule chini tulikuwa tunaona malori ya wengine yamesimama, magurudumu yanatoa moshi, na wewe huwapiti bila kuwacheka. Damiano hukuwahi kumpakia hata siku moja.

Yeye aliteremka na gia kubwa, mguu kwenye breki kuanzia juu mpaka zilipochemka. Aliniambia baadaye kwamba pedali ilikwenda chini kama anakanyaga uji. Upande mmoja ulikuwa bonde, mwingine jabali. Akachagua jabali. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti.

Siku ya nne hospitalini alifumbua macho akanikuta. Nilidhani atanilaumu kwa ile turbo. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka kabisa anilaumu. Akasema taratibu, midomo imekauka, "Dada, Baba hakunifundisha hata siku moja. Alisema likishakuwa langu nitajua. Wewe alikupa maneno yote. Mimi akanipa funguo."

Siku zote nilidhani niliyenyimwa ni mimi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nikakulilia. Siyo kwa huzuni. Nilikulilia kwa hasira.

Sasa nikuambie nilipo. Umekuja mradi wa kupima upepo kwenye vilima vyetu, na umekuja na pikapu za umeme. Walitafuta dereva ambaye pia ni fundi, wakasema mwenye uzoefu. Nikapata. Naingia mjini nikiwa kwenye usukani kila siku ya Mungu, Baba, na dunia haijapinduka.

Unataka kujua maoni yangu kuhusu hii feni yenye matairi? Naiheshimu, siipendi. Inaondoka pale iliposimama kwa nguvu ambayo lori lako lisingeiota, haisubiri turbo, haisubiri gia. Mlima inaupanda kama haijauona. Lakini ikiumwa haisemi. Inaandika maneno kwenye kioo, na maneno yenyewe yanataka mtu wa Dar es Salaam mwenye kompyuta ayafungue. Mimi niliyezoea kulala chini na kufumba macho, nalala nasikia kimya. Wiki ya kwanza sikuwa najua kama imewaka. Tukitumwa Nduguti nahesabu kila kilima kwa wasiwasi, maana kule hakuna pa kuchaji, na umeme wa ofisini ukikatika tunakaa tunatazamana. Mwezi wa tatu, barabara zikigeuka tope, wakubwa bado wanakodi lori la dizeli, wala sishangai. Mzigo mzito na njia mbovu bado ni vya dizeli. Mbio ni za petroli, kwa sababu petroli ina roho. Umeme ni wa watu wenye haraka na barabara nzuri. Ungekuwepo tungebishana.

Mwezi uliopita nilitumwa Shelui kupeleka vifaa. Damiano yuko nyumbani na Mama, anatembea kwa magongo. Akaniambia, "Nipeleke." Nikamwambia njia ni ileile. Akasema, "Najua njia ni ipi."

Tukafika kileleni Sekenke. Mbele yetu kulikuwa na lori la semi linateremka polepole, injini inalia vile ulivyokuwa unapenda. Niliondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, basi. Pikapu ikajishika yenyewe. Ikaanza kuteremka kwa adabu, na ile alama ya chaji kwenye kioo ikapanda badala ya kushuka. Ndivyo ilivyo, Baba: ikiteremka inakula mteremko, inaugeuza umeme.

Damiano alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. "Umekanyaga breki?"

"Sijagusa."

Akainama kutazama miguu yangu. Akaiona imetulia. "Sasa imejuaje?"

"Imefundishwa," nikasema.

Watu wa mbali, ambao hawajawahi kusikia jina la Ilongero, wamekaa wakafikiria kijana asiyejua kuteremka, wakaweka elimu ile ndani ya pedali ili asife. Wewe ulikuwa naye nyumba moja. Na mimi nilikuwa naye gereji moja.

Tulipita lile jabali. Bado lina mkwaruzo. Hakugeuza kichwa.

Shelui tukakaa kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa turubai, tukaagiza chai na chapati. Chai ikaja kwanza, inafuka. Nikamwambia hapohapo, kabla sijapata nafasi ya kuogopa, "Damiano, siku ile nilijua. Breki nilijua, na nilijua hujui kuteremka. Nilinyamaza makusudi."

Alikoroga chai. "Nilijua kwamba ulijua," akasema. "Uliifunga boneti kwa nguvu."

Mama wa mgahawa akaweka chapati, akatutazama, akaondoka.

"Nieleze sasa," akasema mdogo wangu.

Nikamweleza. Nikachora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Kwamba injini ikiwa kwenye gia ndogo magurudumu hayawezi kukimbia bila kuiburuta, na kuiburuta kunayapunguza kasi. Kwamba gia unaichagua ukiwa juu, kabla ya kona ya kwanza, siyo katikati. Kwamba breki unaigusa na kuiachia, ipoe. Akauliza maswali mawili, ya akili sana. Nikayajibu.

Akatazama mlima tulikotoka. "Ni hilo tu, Dada?"

"Ni hilo tu."

Akachukua kikombe, akakirudisha haraka mezani. Chai ilikuwa bado inaunguza, Baba. Somo lote la kumwokolea mguu halikufikia muda wa chai kupoa. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Nitaendelea kuja kupalilia. Usidhani ukimya wangu pale ni heshima, lakini usidhani pia kwamba siku moja nitaacha kuja. Kaa na amani yako huko uliko. Ya kwangu sijaipata, na sitakudanganya kwamba iko njiani.

Binti yako wa kwanza,
Skolastika